Sura ya Saba: Tezi Ipi?

Kwenye saratani ya kongosho kuna maneno machache yanayofunga mjadala kabla haujaanza: "Imeshafika kwenye tezi." Yakishatamkwa, ndugu waliokaa kikao kuamua kama wauze ng'ombe ili mgonjwa apelekwe Moshi au Dar es Salaam huona hakuna tena cha kuamua. Mzee anarudishwa nyumbani Sindeni au Magoma, anatafutiwa dawa za miti, na watu wanabaki wakimwombea. Mara nyingine uamuzi huo ni sahihi na wa huruma. Mara nyingine ni kumzika mtu aliye hai. Sura hii inatetea jambo moja: kwamba kufika kwa saratani kwenye tezi, peke yake, hakutoshi kumnyima mgonjwa upasuaji. Kinachoamua ni tezi ipi, iko wapi, na je, imethibitishwa kuwa ni saratani kweli. Na sehemu kubwa ya jibu la maswali hayo inaweza kupatikana Handeni na Korogwe kwenyewe, kabla nauli haijatafutwa.

Tuanze na mahali lilipo kongosho, kwa sababu ugumu wote unatokana na hapo. Kiungo hiki kimelala nyuma ya tumbo la chakula, mbele ya uti wa mgongo. Kichwa chake kimekumbatiwa na mwanzo wa utumbo mwembamba, na mrija unaoleta nyongo kutoka kwenye ini hupita ndani yake kabla ya kumwaga nyongo utumboni. Nyuma yake, kwa ukaribu wa milimita, hupita mishipa mikubwa ya damu ya utumbo na ini. Uvimbe ukianzia kichwani hubana mrija wa nyongo, na mgonjwa huanza kuonyesha macho ya manjano, mkojo mweusi, choo cheupe na muwasho wa mwili mzima, mara nyingi bila homa. Ukianzia katikati au mkiani hauna cha kubana mapema, hivyo hukua kimya mpaka mgongo uume na nguo zimpwaye. Ndiyo maana hata katika nchi zenye hospitali nyingi, ni wagonjwa 15 hadi 20 tu katika kila 100 wanaogundulika wakati uvimbe ungali unaweza kukatwa. Mgonjwa wa macho ya manjano, kwa namna fulani, ni mwenye bahati: ugonjwa wake umejitangaza.

Sasa tezi. Mwili una mirija myembamba inayokusanya majimaji yaitwayo limfu na kuyarudisha kwenye damu, na njiani kuna tezi ndogo ndogo zinazoyachuja. Mkulima wa mpunga wa skimu ya Mombo ataelewa haraka: takataka zikiingia kwenye mfereji wa kutoa maji shambani, hunasa kwanza kwenye lango la jirani, na zikionekana kwenye mfereji mkuu ujue zimeshapita malango mengi. Tezi zilizozunguka kichwa cha kongosho ndizo malango ya jirani. Zile zilizopangana kando ya mshipa mkuu wa damu karibu na uti wa mgongo ziko kwenye mfereji mkuu. Na tezi iliyo nyuma ya mtulinga wa kushoto, shingoni, iko pale ambapo mrija mkuu wa limfu unamwaga kwenye damu. Chembe ya saratani ya kongosho ikikutwa hapo, imeshapanda kutoka tumboni, ikapita kifua chote. Kuziita zote "tezi" bila kusema ipi ni kuliweka lango la kwanza na la mwisho kwenye kapu moja.

Madaktari wa saratani duniani wameiandika tofauti hii kwenye utaratibu wao wa kupanga hatua za ugonjwa. Toleo la nane la utaratibu wa Marekani, lililoanza kutumika mwaka 2018, linahesabu tezi za jirani: kama hakuna yenye saratani, hiyo ni N0, zikiwa moja hadi tatu ni N1, zikiwa nne au zaidi ni N2. Hata N2 bado ni ugonjwa wa eneo lile lile. Tezi za mbali, kama zile za kando ya mshipa mkuu au ya mtulinga, huhesabiwa kama saratani iliyosambaa, sawa na iliyofika kwenye ini. Vinavyomzuia daktari wa upasuaji kukata ni hivi: madoa kwenye ini au mapafu, chembe zilizomwagika kwenye ngozi ya ndani ya tumbo, tezi za mbali zilizothibitishwa, na uvimbe uliozingira ateri kubwa zinazolisha utumbo na ini. Ateri zikiwa zimezingirwa kiasi tu, baadhi ya wagonjwa hupewa kwanza tibakemia na kupimwa upya. Tezi ya jirani haimo kwenye orodha hiyo, kwa kuwa hutoka pamoja na kongosho lenyewe katika upasuaji mmoja.

Pingamizi la kwanza ni zito, na halifai kupuuzwa. Mtu atasema: kama saratani imeshaingia hata kwenye tezi moja, si ndiyo dalili kwamba safari yake imeanza? Ya nini kumpasua mtu saa nyingi kwa ugonjwa utakaorudi? Dalili hiyo ni ya kweli, lakini tukiifanya sheria tutawafukuza karibu wagonjwa wote, pamoja na wale ambao upasuaji ungewaongezea miaka. Katika utafiti wa ESPAC-4 uliochapishwa mwaka 2017, wenye wagonjwa 730 wa Ulaya waliokwisha kukatwa uvimbe, takribani wanane katika kila kumi walikuwa na saratani kwenye tezi. Hata hivyo nusu ya waliopewa dripu za jemsitabini pamoja na vidonge vya kapesitabini walivuka miezi 28. Mwaka uliofuata, utafiti wa Ufaransa na Kanada wenye wagonjwa 493, robo tatu yao wakiwa na tezi zilizoingiliwa, ulionyesha kwamba mchanganyiko mkali zaidi wa dawa baada ya upasuaji uliwafikisha nusu ya wagonjwa zaidi ya miezi 54, dhidi ya 35 kwa waliopewa jemsitabini pekee. Linganisha na wale ambao saratani yao ilikwisha kusambaa mbali: katika utafiti wa mwaka 2011, hata kwa mchanganyiko ule mkali, nusu yao hawakufikisha mwaka mmoja. Kati ya kundi hili na lile, kilichowatenganisha si kuwa na tezi au kutokuwa nazo. Ni mahali ugonjwa ulipokuwa umefika.

Haimaanishi kwamba tezi za jirani ni kitu kidogo. Katika uchambuzi mmoja mkubwa wa wagonjwa zaidi ya 2,300 waliokatwa, wenye uvimbe mdogo na tezi safi walioishi miaka mitano walikaribia wanne katika kila kumi; wenye tezi moja hadi tatu walikuwa takribani wawili; wenye nne au zaidi, mmoja tu. Ngazi hiyo inashuka kwa kasi, na familia ina haki ya kuelezwa waziwazi. Lakini ionekane pia kwamba hesabu hiyo hupatikana baada ya upasuaji, wala si kabla. Kabla ya upasuaji, hata kipimo kizuri cha CT hukosea: tezi ndogo isiyotiliwa shaka huwa na saratani ndani yake, na tezi iliyovimba huwa imechokozwa tu na nyongo iliyokwama au uvimbe wa kawaida wa kongosho. Idadi halisi hujulikana mezani kwa daktari wa patholojia. Nyama iliyokatwa humfikia ndani ya chombo cha fomalini. Huikata vipande, hupapasa mafuta kwa vidole akitafuta vijitezi, vingine vidogo kama punje, na kila kimoja hukitazama kwa darubini. Miongozo inataka zipatikane angalau 12, na wengi hupendelea 15. Ripoti inayosema "tezi zote safi" huku zilizochunguzwa ni nne haijasema tezi ni safi. Imesema hazikutafutwa vya kutosha.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine. Kama tezi ndizo malango, kwa nini daktari asizing'oe zote, za jirani na za mbali, ili saratani ikose pa kujificha? Hoja hii inavutia akili, na ndiyo maana ilijaribiwa. Madaktari wa Italia, Marekani, Japani na Korea Kusini, kati ya miaka ya 1990 na 2014, waliwagawa wagonjwa kwa kura: kundi moja likakatwa tezi za kawaida, jingine likakatwa eneo pana zaidi. Majaribio hayo hayakuonyesha kwamba ukataji mpana unaongeza maisha. Katika jaribio la hospitali ya Johns Hopkins lililochapishwa mwaka 2002, lenye wagonjwa 294, matatizo baada ya upasuaji yalipanda kutoka asilimia 29 hadi 43. Wengine katika majaribio hayo walibaki na kuhara kusikokoma, kwa sababu neva za utumbo ziliondoka pamoja na tezi. Mwaka 2014 jopo la kimataifa la wapasuaji wa kongosho lilikubaliana orodha ya tezi za kuondoa, na zile za kando ya mshipa mkuu hazimo kwenye kazi ya kawaida. Funzo ni lile lile: tezi ya jirani hukatwa kama sehemu ya kongosho; tezi ya mbali haiponyeshwi kwa kisu.

Lipo jambo la tatu ambalo vitabu vya Ulaya hulipitia haraka, na mkoa wa Tanga hauwezi kulipitia haraka. Tezi iliyovimba tumboni si lazima iwe saratani. Kifua kikuu huingia kwenye tezi za tumbo, hata zile zinazozunguka kongosho. Zikivimba hubana mrija wa nyongo, mgonjwa akawa na macho ya manjano na mwili ukakonda, na picha ikafanana kabisa na ya saratani iliyosambaa kwenye tezi. Mwenye VVU yuko kwenye hatari zaidi ya jambo hili. Lakini mgonjwa huyu anahitaji dawa za miezi sita zinazotolewa bure, na hupona. Iko pia saratani ya tezi zenyewe, ambayo hutibiwa kwa dawa bila kukata kongosho, na iko saratani ya mlango wa mrija wa nyongo, ambayo dalili zake ni zile zile lakini matokeo yake baada ya upasuaji ni mazuri zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kumwambia mtu kwamba tezi imemhukumu, sharti kinyama kitolewe kwenye tezi inayofikika na kisomwe maabara. Hukumu iliyotolewa kwa kutazama picha tu, hasa kwa mgonjwa mwenye jasho la usiku na kikohozi, ni hukumu isiyo na ushahidi.

Hapa msomaji wa Handeni atauliza swali lake la haki: haya yote ni ya wenye mashine, sisi tuna nini? Tuna zaidi ya tunavyodhani. Hospitali ya Magunga mjini Korogwe, Hospitali ya Handeni pale Chanika, na ile ya Mtakatifu Fransisko, Kwamkono, zote zina kitu ambacho hakihitaji umeme: mikono ya mtabibu. Mgonjwa aketi, shingo ailegeze, na mtabibu apitishe ncha za vidole taratibu nyuma ya mtulinga wa kushoto, karibu na msuli unaoshuka kutoka nyuma ya sikio, huku akimwambia avute pumzi. Tezi ngumu isiyouma wala kuteleza chini ya kidole, ambayo Mjerumani Rudolf Virchow aliielezea mwaka 1848, inaweza kujibu swali kubwa kuliko CT. Baadaye mkono ushuke kwenye kitovu. Sista Mary Joseph, muuguzi aliyekuwa akiwaandaa wagonjwa wa upasuaji wa daktari William Mayo huko Minnesota, ndiye aliyeona kwamba wenye kijivimbe kigumu kitovuni hukutwa saratani imeenea tumboni. Kijivimbe hicho kina jina lake mpaka leo. Kisha mkono uende chini ya mbavu za kulia: kifuko cha nyongo kinachopapasika kwa mgonjwa wa manjano asiye na maumivu, kama alivyoandika Mswisi Courvoisier mwaka 1890, huelekeza kwenye uvimbe zaidi kuliko kwenye mawe. Ongeza altrasaundi ya kuangalia ini na maji tumboni, na sindano nyembamba ya kutoa kinyama kwenye tezi ya shingo ili kipelekwe kwa daktari wa patholojia. Kazi hii haiulizi bei ya ng'ombe.

Matokeo yake hugawa njia mbili. Mgonjwa mwenye tezi ya mtulinga iliyothibitishwa kuwa ya saratani hana haja ya kusafirishwa kwa matumaini ya kukatwa kongosho; anahitaji matibabu ya aina nyingine, ambayo tutayarudia. Mgonjwa ambaye shingo, kitovu na ini ni safi, hata kama altrasaundi imeonyesha vitezi karibu na kongosho, anahitaji rufaa ya haraka: Bombo mjini Tanga, ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na kutoka hapo KCMC iliyo rufaa ya Kanda ya Kaskazini, au Muhimbili. Korogwe imekaa kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi, na lami ya kilomita 65 inaiunganisha na Handeni. Umbali upo, lakini kinachowamaliza wagonjwa hawa ni wiki zinazopotea wakitibiwa malaria, kisha homa ya ini, kisha wakizungushwa kwa waganga, mpaka ugonjwa uliokuwa kwenye tezi ya jirani unapofika kwenye ini.

Kwa nini asikatwe karibu na nyumbani, basi? Kwa sababu upasuaji huu, uliofanywa kwa mafanikio na Walther Kausch mjini Berlin mwaka 1909 na kuenezwa na Allen Whipple wa New York kuanzia mwaka 1935, ni miongoni mwa migumu zaidi tumboni. Huondolewa kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo, kifuko na sehemu ya mrija wa nyongo, kisha vyote vilivyobaki huunganishwa upya. Uchunguzi wa hospitali za Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta kwamba hospitali zilizofanya upasuaji huu mara chache sana zilipoteza wagonjwa 16 katika kila 100, na zilizoufanya mara nyingi zilipoteza wanne. Ndiyo maana kufungua tumbo wilayani ili "tuone kwanza", kukuta tezi, na kufunga, ni hasara mara mbili: mgonjwa amebeba kidonda bila tiba, na tezi iliyoonekana imetumika kama sababu wakati si sababu. Kama tumbo litafunguliwa Magunga, liwe kwa lengo linalojulikana tangu mwanzo, mathalani kuunganisha mrija au kifuko cha nyongo na utumbo ili kuondoa manjano na muwasho kwa mgonjwa asiyeweza kukatwa.

Mtu makini atabaki na pingamizi moja: takwimu hizi ni za Ulaya na Marekani, za wagonjwa waliochaguliwa kwa kuwa walipona vizuri baada ya kisu na walipata dawa zote. Ni kweli, na sizitoi kama ahadi. Mgonjwa wa Kwamsisi hatapata lazima miezi 54. Lakini hoja yangu haisimami juu ya idadi ya miezi. Inasimama juu ya mgawanyo wa njia, na mgawanyo huo haubadiliki kwa utajiri. Nderitu Gachagua, gavana wa kwanza wa Nyeri, Kenya, alifariki London Februari 2017 akitibiwa saratani hii hii. Fedha na ndege hufikisha mtu hospitalini. Haziwezi kurudisha chembe zilizokwisha kusafiri. Ugumu wa gharama ndio unaozidisha haja ya kupanga vizuri: Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, lakini kwa familia inayotegemea mahindi na mifugo, safari isiyo na faida bado ni ng'ombe waliopotea, na safari yenye faida isiyofanywa ni mtu aliyepotea.

Na yule ambaye kisu hakimfai asiachwe. Manjano yake yanaweza kupunguzwa kwa mrija wa plastiki au chuma unaopitishwa kwenye njia ya nyongo katika hospitali chache zenye vifaa hivyo, au kwa upasuaji mdogo wa kuunganisha niliousema. Maumivu ya mgongo, ambayo ndiyo mateso makubwa ya ugonjwa huu, hutulizwa na morfini ya kunywa ikitolewa kwa saa na si kwa kusubiri mgonjwa alie. Taasisi ya Saratani Ocean Road imekuwa ikifundisha tiba hii ya kutuliza kwa miaka mingi. Kumwambia mtu kwamba hatakatwa si kumwambia kwamba hatatibiwa.

Kwa hiyo, wewe mwenye mgonjwa, ukiambiwa kwamba saratani imefika kwenye tezi, usiondoke kabla ya kuuliza mambo matatu: ni tezi ya jirani ya kongosho au ya mbali? Kinyama kimetolewa kikathibitisha kwamba ni saratani na si kifua kikuu? Na ateri kubwa zimezingirwa au ziko huru? Nawe mtabibu wa wilaya, andika kwenye barua ya rufaa ulichokikuta mtulingani, kitovuni na kwenye ini, hata kama hukukuta kitu. Mstari huo mmoja utamwokolea daktari wa upasuaji siku nyingi. Barua isiyo na majibu hayo isichukuliwe kuwa hukumu ya mtu yeyote.